Mbona Katuni ya The King and I Iliangukia Pua? Hii Hapa Stori Yote

Wasee, hebu tuongee ukweli. Ukipewa mchezo wa jukwaani uliopendwa miaka mob, ngoma zake zinajulikana kila kona, halafu uambiwe uugeuze katuni ya watoi, si utaona hiyo ni kazi ya kuomoka? Stori iko. Nyimbo ziko. Chora tu, tupia tumbili mmoja, ungoje doh.

Zii. Cheki vile ilienda na The King and I.

Stori ilitoka wapi?

Mwaka wa 1862 mwanamke kwa jina Anna Leonowens aliingia Bangkok, wakati Thailand bado ikiitwa Siam. Kazi yake ilikuwa kufunza watoto na wake za Mfalme Mongkut. Baadaye akaandika vitabu kuhusu maisha yake huko, na 1944 Margaret Landon akatoa riwaya kutokana na hayo maisha. Mwaka wa 1951, Richard Rodgers akapiga muziki, Oscar Hammerstein akaandika maneno, na stori ikapanda jukwaani Broadway, New York.

Aliyecheza mfalme ni Yul Brynner, yule jamaa wa kipara. Hiyo kiti hakuiacha. Hadi anakufa 1985, alikuwa ameigiza huyo mfalme jukwaani mara 4,625. Filamu ya 1956 ndiyo ilimpa Oscar.

Halafu 1999 ikafika katuni. Muongozaji alikuwa Richard Rich, msee aliyetoka Disney, na ambaye 1994 alikuwa ametoa The Swan Princess. Kwa hivyo usidhani kazi ilipewa mtu wa kubahatisha. Lakini sinema iliyokula takriban dola milioni 25 iliingiza karibu milioni 12 pekee huko Marekani. Hasara safi.

Sasa ngori iko wapi?

Ya kwanza ni kuchora kwenyewe. Jukwaani, muigizaji anaweza kusimama mahali pamoja aimbe dakika tatu, na wewe hujachoka, kwa sababu ni mtu mzima mbele yako, unamwona akivuta pumzi. Katuni haina pumzi. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, kwa hivyo ngoma ya dakika tatu ni fremu 4,320. Hata kila mchoro ukishikiliwa fremu mbili, bado unahitaji michoro 2,160, na hiyo ni ya mhusika mmoja tu. Sauti nayo hurekodiwa kwanza, wachoraji wafuate mdomo. Anna wa katuni ana watu wawili ndani yake: Miranda Richardson anaongea, Christiane Noll anaimba.

Ukishaingia gharama kama hiyo, hutaki kuchora mama amesimama akiwaza. Unatafuta vurugu. Hapo ndipo mambo yalianza kuharibika.

Chukua ile ngoma ya kwanza, I Whistle a Happy Tune. Jukwaani, Anna na kijana wake Louis wako kwa meli, wanakaribia nchi wasiyoijua. Wanaogopa. Anamfunza mtoi wake kupiga mluzi ndio asionekane ana woga. Ni kitu kidogo lakini kila mtoto aliyewahi kuingia shule mpya siku ya kwanza anakijua. Kwenye katuni, waliweka dhoruba na joka la baharini linashambulia meli. Buda, ukivamiwa na joka hupigi mluzi, unatoroka! Wimbo wa kuficha woga ukawa muziki tu wa nyuma ya fujo.

Ya pili ni ile A Puzzlement. Huyo ni mfalme akiwa peke yake, anajiuliza kama yale aliyofunzwa utotoni bado ni kweli. Bazenga ambaye kila mtu anamwinamia, na ndani yake hana uhakika na chochote. Katuni ikafanya nini? Sanamu zikafufuka kwa uchawi na kumvamia. Mchawi ni Kralahome, ambaye jukwaani ni waziri tu mwaminifu kwa mfalme. Kwa katuni amekuwa adui anayetaka kiti. Ukaona hiyo? Vita vilivyokuwa ndani ya mfalme vilitolewa nje, vikapewa mtu mbaya avibebe. Mfalme hana tena kitu cha kubadilisha ndani yake.

Pia wakaongeza Master Little, kibaraka wa Kralahome, mfupi mwenye meno yametokeza, ambaye kila saa anapoteza jino. Wakosoaji walimkasirikia vibaya, wakasema huo ni ule mzaha wa zamani wa kucheka sura za Waasia. Na Thailand stori yenyewe haikuwahi kupendwa. Hata ile filamu ya 1956 ilipigwa marufuku huko. Mongkut wa ukweli alikuwa mtawa miaka 27 kabla ya kuwa mfalme, na 1868 alipiga hesabu ya kupatwa kwa jua mwenyewe, akaenda kulitazama, akarudi na malaria iliyomuua.

Kifo ndicho kiliniuma zaidi

Jukwaani mfalme anakufa mwishoni. Tuptim, msichana aliyeletwa kama zawadi kutoka Burma, anampenda Lun Tha, na huyo jamaa anaishia maiti mtoni. Kwenye katuni Lun Tha hayuko kabisa. Tuptim anapewa mwana wa mfalme, Chulalongkorn, ambaye amekuwa kijana wa kickboxing. Mfalme anaanguka na puto la hewa moto, anaumia, anapona, anacheza densi na Anna. Mwisho.

Utaniambia, "Lakini ni ya watoto!" Sawa. The Lion King ilitoka lini? 1994, miaka mitano kabla. Mufasa alikufa mbele ya watoi wa dunia nzima, wakalia, na wakaitisha irudiwe kesho yake. Watoto wanaweza kifo. Kile hawawezi ni kudanganywa kwamba hakuna kilichokuwa hatarini.

Na cheki hii. Mtoto alikuwa tayari ndani ya stori. Jukwaani, mbuyu akiwa kitandani anakata roho, Chulalongkorn anatoa amri: watu wasitambae tena mbele ya mfalme. Anaitoa baba akisikia. Chulalongkorn wa historia alikomesha huko kusujudu kweli, mwaka wa 1873, na baadaye akamaliza utumwa. Mtoi anabadilisha nchi huku akimpoteza babake. Ungetafuta mwisho gani mwingine wa katuni? Walikuwa nao mkononi, wakachagua puto.

Upande wa pili barabara inapitika. The Lion King ilitoka kwa katuni ikaenda Broadway 1997, Julie Taymor akiongoza, na hakujaribu kuficha watu ndani ya wanyama. Unaona sura ya muigizaji chini ya kinyago, na bado unaamini ni simba. Hapa kwetu, Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi kama katuni, kisha Eric Wainaina akasaidia kuifanya ya jukwaani.

Kwa hivyo wewe unayechora kwa laptopu usiku, ukiota kugeuza mchezo fulani mkali uwe katuni, joka si shida. Chora joka. Lakini kwanza jiulize mtoi kwenye stori anaogopa nini, na kama hilo joka linamsaidia kuliona ama linamzibia njia.