Kalamu Ianzie Wapi? Mpangilio wa Mistari katika Herufi za Kichina

Mwanafunzi mgeni akipewa herufi 口, yaani mdomo, huchora kisanduku. Ama atazunguka kwa mkupuo mmoja, ama atapiga pande nne moja baada ya nyingine. Njia zote mbili si sahihi, kwa kuwa herufi hiyo ina mistari mitatu. Wa kwanza hushuka upande wa kushoto. Wa pili huanzia juu, huenda kulia, hukunja kona na kushuka bila kalamu kuinuliwa. Wa tatu hufunga chini. Kwa Wachina, mstari mmoja ni safari nzima ya kalamu tangu iguse karatasi hadi iinuke, hata ikipinda njiani.

Hesabu hiyo ina kazi. Kamusi nyingi za Kichina huwa na faharasa inayopanga herufi kwa idadi ya mistari, na hata orodha rasmi za viongozi mara nyingi hufuata idadi ya mistari ya majina yao ya ukoo.

Kanuni zenyewe ni chache: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, na mlalo kabla ya wima unaoukata, kama katika 十, kumi. Katika 小, dogo, mstari wa katikati hutangulia, ndipo zije pande mbili. Katika 国, nchi, kuta tatu hujengwa, vya ndani huandikwa, kisha mstari wa chini hufunga. Walimu huwaambia watoto kwamba watu waingie kwanza ndipo mlango ufungwe.

Sababu ya yote hayo huonekana mtu anapoandika haraka. Tazama upande wa kushoto wa 海, bahari: nukta tatu za maji. Mbili za kwanza hushuka, ya tatu hupigwa kutoka chini kwenda juu, kinyume cha mazoea. Si ukaidi: sehemu inayofuata huanzia juu kulia, na kalamu imeshaelekea huko. Katika mwandiko wa mbio nukta hizo huungana zikawa mstari mmoja wenye mawimbi. Msomaji huutambua kwa sababu anajua kalamu ilipita wapi; aliyeanza kwingine ataacha mchoro usiosomeka. Waliopitia madrasa za pwani wanaujua utaratibu wa namna hii katika mwandiko wa Kiarabu, ambako umbo la neno hutangulia na nukta hufuata.

Je, kuna haja gani siku hizi? Taasisi ya Confucius, yaani kituo cha kufundisha Kichina, ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na wanaojifunza Kichina leo huandika zaidi kwenye simu, kwa pinyin, yaani sauti zikiandikwa kwa herufi za Kilatini. Ni kweli. Lakini Wachina wengine huandika kwa vitufe vitano tu: mlalo ni 1, wima 2, mshazari wa kushoto 3, nukta au mshazari wa kulia 4, uliopinda 5. Hapo 小 ni 2-3-4. Anayeanza na upande wa kushoto atabonyeza 3-2-4, na simu itamletea herufi nyingine kabisa.

Hata hivyo, “sahihi” ina mipaka ya nchi. China ilitoa kiwango cha herufi 7,000 mwaka 1997, na kipya cha herufi 8,105 kilianza kutumika Machi 2021. Taiwan ina chake, na Japani ilitoa mwongozo wake mwaka 1958, uliokiri kwamba mipangilio mingine si makosa. Katika 王, mfalme, Mchina hupiga milalo miwili, kisha wima, kisha mlalo wa mwisho. Mjapani hupiga mlalo mmoja na wima kabla ya miwili iliyobaki. Mwanafunzi ashike kiwango cha kitabu chake, asichanganye.

Na kila kiwango kina vituko vyake. Katika 火, moto, China inataka vijistari vya pembeni vitangulie, ndipo miguu miwili ya katikati, kinyume kabisa cha 小. Herufi hiyo ina mistari minne tu, nayo huwakosesha hata Wachina wazima waliosoma.