Staringi si Shujaa

Katika vibanda vya video vya Port Reitz, mhusika mkuu wa filamu za mapigano huitwa staringi. Ndugu zetu wa Tanzania husema stelingi. Neno hili la Kiingereza lililotoholewa, wasomi hulidharau, nami naona tunakosea. Sharti la staringi ni kutokufa. Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yasema aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, ni shujaa lakini si staringi. Wala ‘nyota’ haitoshi, kwani humtaja mwigizaji: Bruce Lee alifariki Julai 1973, kabla Enter the Dragon haijaonyeshwa, na humo staringi yu hai. Atakayelichunguza neno hili aanze na DJ Afro, ambaye hatafsiri filamu bali huzitamba upya.