Huna kamera ya maana? Soma 1975

Una simu na una hadithi, lakini bado hujarekodi kitu. Unangoja kamera kubwa, taa na pesa. Na siku ukianza, unataka video yako ifanane na ile iliyovuma wiki jana. Hebu kwanza tazama filamu nne za mwaka mmoja tu, 1975.

Anza na Jaws ya Mmarekani Steven Spielberg. Papa wake wa mashine alikuwa akiharibika kila mara baharini. Basi akamficha. Kwa muda mrefu unaona maji tu, unasikia muziki wa John Williams, na roho inakudunda. Filamu ikavunja rekodi za mauzo.

Kule Uingereza, kundi la Monty Python lilitaka kumchekesha mtu kwa hadithi ya Mfalme Arthur, lakini pesa za farasi hazikuwapo. Wakafanyaje? Mfalme anarukaruka kwa miguu yake mwenyewe, na mtumishi nyuma yake anagonganisha vifuu vya nazi kutoa mlio wa kwato. Hadi leo watu wanavunjika mbavu.

Naye Chantal Akerman wa Ubelgiji, akiwa na miaka 24, alitoa Jeanne Dielman. Hapa hakuna mbio. Kamera imetulia, mama mjane anamenya viazi, anatandika kitanda, kwa zaidi ya saa tatu. Polepole unahisi kuna jambo linaharibika. Mwaka 2022, wahakiki walioulizwa na jarida la Sight and Sound waliichagua kuwa filamu bora zaidi ya wakati wote.

Barani kwetu, Ousmane Sembène wa Senegal alitoa Xala. Tajiri wa Dakar anaoa mke wa tatu, kisha usiku wa harusi nguvu za kiume zinamhepa. Unacheka, kumbe Sembène anawasema wakubwa waliorithi viti vya wakoloni pamoja na tabia zao. Wakaguzi wa serikali waliikatakata kabla haijaonyeshwa nchini mwake.

Mwaka ni mmoja, lakini hakuna aliyemwiga mwenzake. Kila mmoja alitumia alichokuwa nacho.

Wewe je? Kelele za matatu zinameza mazungumzo? Mwache mhusika wako anyamaze, kelele zenyewe zisimulie. Una chumba kimoja tu? Akerman alirekodi sehemu kubwa ya filamu yake ndani ya nyumba moja. Haya, toa simu mfukoni.