Mizinga ya Vita Kiganjani: Ukweli na Kimya cha Vielelezo vya Plastiki

Utangulizi

Miongoni mwa sanaa za mikono zilizoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia (1939-1945) ni uundaji wa vielelezo vya plastiki. Mnunuzi hupata kasha lenye vipande vidogo vidogo, karatasi ya maelekezo na vibandiko vya alama. Akishavikata vipande hivyo, kuviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi, hupata ndege, kifaru au mzinga unaotoshea kiganjani. Makala haya yanafafanua vielelezo vya mizinga myepesi ya kutungulia ndege iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani. Yananuia kuonyesha kwamba kielelezo, kama tafsiri, hubeba mengi kwa uaminifu mkubwa, ilhali huacha nje jambo lisilopimika kwa rula.

Jina la mzinga

Wajerumani waliiita mizinga hii Flak, ufupisho wa Fliegerabwehrkanone. Istilahi hiyo imeundwa kwa maneno matatu: Flieger, yaani rubani au ndege, Abwehr, yaani kinga, na Kanone, yaani mzinga. Ufupisho huo uliingia baadaye katika Kiingereza, maana yake ikapanuka hadi kuwa lawama kali. Kiswahili kilishika njia nyingine. Kutungua ni kuangusha kilicho juu, kama mtu atunguavyo embe mtini. Nalo neno mzinga ndilo lile lile la gogo lililochimbwa ili nyuki waingie. Jina la Kijerumani linamtazama aliye chini anayekingwa. La Kiswahili linamtazama aliye juu anayeangushwa. Tofauti hii ya mtazamo itafaa kukumbukwa.

Mizinga yenyewe

Mizinga hii iliitwa myepesi kwa sababu matundu ya mitutu yake yalikuwa na upana wa milimita 20 au 37, tofauti na ile mizito ya milimita 88. Kazi yake ilikuwa kuzilenga ndege zilizoruka chini. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umeibana Ujerumani katika uundaji wa silaha, hivyo kampuni ya Rheinmetall ikaitumia kampuni ya Solothurn nchini Uswisi kuendeleza kazi hiyo. Kutokana na juhudi hizo ulipatikana mzinga wa Flak 30, uliokuwa na uwezo wa kufyatua takribani risasi 280 kwa dakika. Kwa kuwa ndege zilizidi kuwa na kasi, kampuni ya Mauser iliuboresha mzinga huo, ukatokea Flak 38 wenye uwezo wa risasi 450 hivi kwa dakika. Kuanzia 1940 mitutu minne ya aina hiyo iliwekwa juu ya kitako kimoja, ikaitwa Flakvierling 38.

Kinadharia, mitutu hiyo minne ingefyatua risasi 1,800 kwa dakika. Kwa matumizi halisi idadi ilikuwa kama 800 tu. Sababu yake ni nyepesi: kila mtutu ulilishwa kwa kasha la risasi 20, na kwa kasi hiyo kasha liliisha kabla ya sekunde tatu kupita. Ndiyo maana mfyatuaji aliwekewa pedali mbili za miguu, kila moja ikiongoza mitutu miwili iliyokaa mshazari. Jozi moja ilipokuwa ikibadilishiwa makasha, nyingine iliweza kuendelea.

Skeli na mipaka yake

Skeli iliyozoeleka katika vielelezo vya silaha za nchi kavu ni 1/35. Asili yake si hesabu ya kitaalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, iliunda kifaru cha Panther kilichoendeshwa kwa mota. Ukubwa wake ulipangwa ili betri zipate nafasi ndani, na kipimo kilichopatikana kikawa 1/35. Kampuni nyingine ziliufuata mkondo huo, na mzinga wa Flakvierling pia ukatolewa kwa skeli hiyo.

Kwa skeli ya 1/35, mtutu wa Flak 38, wenye urefu wa mita 1.3, huwa milimita 37 tu. Tundu lake la milimita 20 hubaki kidogo zaidi ya nusu milimita. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 5 lingepaswa kuwa na unene wa milimita 0.14. Plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa katika kalibu za chuma haielekei kufikia wembamba huo. Waundaji makini huziondoa ngao za plastiki, wakaweka vibati vyembamba vya shaba, na mitutu wakaibadilisha kwa iliyochongwa kwa metali.

Rangi nayo husema. Mwanzoni mwa vita zana nyingi za Ujerumani zilipakwa kijivu kizito. Februari 1943 ikatolewa amri ya kutumia rangi ya manjano iliyofifia. Kwa hiyo, katika kielelezo rangi hufanya kazi ya njeo: humjulisha mtazamaji tukio ni la lini.

Kisichopimika

Mwezi huo huo wa Februari 1943, wanafunzi wa shule za sekondari waliozaliwa 1926 na 1927 walianza kuitwa kuhudumu katika vikosi vya mizinga ya kutungulia ndege. Hadi vita vilipokwisha, idadi yao ilifikia takribani 200,000. Walimu waliwafuata huko huko ili masomo yasikatike kabisa. Miongoni mwao walikuwamo Günter Grass, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mnamo 1999, na Joseph Ratzinger, aliyekuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita kati ya 2005 na 2013. Huko juu nako, kila ndege iliyotunguliwa ilikuwa na mtu ndani, naye aghalabu alikuwa kijana.

Hitimisho

Ni bayana kuwa kielelezo humfunza mwundaji mambo ambayo maelezo ya vitabuni huyapita: mahali pa kiti, mwelekeo wa pedali, sababu ya makasha kuwa karibu na mkono. Hata hivyo, urefu wa mtutu hugawanywa kwa 35 bila kupoteza maana. Umri wa mvulana aliyeketi nyuma yake haugawanyiki. Mfasiri mwema hujua lugha yake imeshindwa wapi, na msomaji wake humdai ajue. Mwundaji wa mzinga mdogo anastahili kudaiwa hivyo hivyo.