Kabla ya Kukata Njia, Pima Udongo na Maji

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa haraka utadhani si la shambani: njia ya umma. Nina maana ile njia ya watu kupita kwa miguu, inayokatwa kando ya mto au katikati ya uwanja ulioachwa wazi. Utasema, "Mimi nalima mchicha, njia inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Njia ikichimbwa, udongo uliolala miaka mingi unafukuliwa. Mvua ikinyesha unateremka, na huko unakoteremka ndiko kwenye matuta yako na kisima chako.

Tuchukue Lemara, upande wa kusini wa Arusha. Mji uko juu, Lemara iko chini, na Mto Themi unapita mjini ukishuka kwenda kuungana na Kikuletwa. Kwa miaka mingi majitaka ya mji yaliletwa kwenye mabwawa ya Lemara, yakatulia humo bwawa hadi bwawa, ndipo yakaachiwa. Wakulima wa chini wakayatumia kumwagilia, maana kiangazi hayakauki. Baadaye mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2015, ukajenga mabwawa mapya huko Terrat. Sasa ukingo wa bwawa la zamani ni tambarare, hauna nyumba wala miti. Mtu akiutazama atasema hapa ndipo pa kupitisha njia. Ngoja kwanza.

Bwawa la majitaka husafisha maji kwa kuyatuliza. Mayai ya minyoo ni mazito, huzama. Risasi na madini mengine mazito kutoka viwandani na gereji hushikana na tope, nayo huzama. Kwa hiyo maji yanayotoka ni afadhali kwa sababu uchafu umebaki chini. Ukikauka, ule ni udongo mweusi wa kupendeza, na kila mtu atatamani kuubeba kwa mkokoteni akaweke kwenye kitalu. Mayai ya minyoo huweza kuishi humo miaka kadhaa. Risasi ndiyo kabisa, haiozi.

Wapimaji wana maswali matatu: kuna nini ardhini, kinapita wapi, na kinamfikia nani? Yote matatu yakipata jibu, hatari ipo. Likikosekana moja, hatari imekatika. Sumu iliyofunikwa vizuri, mbali na maji, haimfikii mtoto anayecheza.

Usidhani kwamba kuondoa kinachoonekana kunatosha. Mwaka 1986 Tanzania ilipewa msaada wa dawa za wadudu kutoka Ugiriki, zikawekwa kwenye banda la shamba la Vikuge, Kibaha. Nyingine zilikuwa zimekwisha muda wake. Banda likabomoka, dawa zikanyeshewa. Miaka ya 1990 mabaki yakaondolewa. Hata hivyo uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 uliikuta ardhi bado ina DDT nyingi.

Basi kupima kunaanza na wazee, kabla ya mashine. Nani alikuwa hapa miaka thelathini iliyopita? Palikuwa na ghala la dawa za kahawa, josho la ng'ombe, karakana, dampo? Halafu tembea njia yote inayopendekezwa, mwanzo hadi mwisho. Tazama mahali nyasi zisipoota wakati pembeni zimeota, udongo wenye rangi ngeni au harufu ya mafuta. Weka alama.

Ndipo mtaalamu achimbe vishimo: palipo na alama, na mahali pengine pasafi pa kulinganisha. Udongo wa juu uchukuliwe peke yake, wa chini peke yake. Hapa wakulima wengi hukosea, kwa kuwa bwana shamba amewafundisha kuchanganya udongo wa shamba zima ili kujua mbolea. Kwa mbolea ni sawa. Kwa sumu, ukichanganya, pabaya panafichwa na pazuri.

Maji nayo yachukuliwe juu ya eneo na chini yake, masika na kiangazi, maana kina cha maji ardhini hupanda na kushuka. Ardhi yetu ya Meru ni majivu na mawe ya volkano, mahali pengine hupitisha maji upesi. Udongo huchuja vijidudu kiasi, lakini naitreti ya majitaka hupita hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kukoroga.

Kuna floraidi pia, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Hiyo imetoka kwenye miamba ya mlima wenyewe; msiwalaumu wajenzi wa njia. Lakini wakitaka kuwachimbia wapita njia kisima, kipimwe: kiwango cha Shirika hilo ni miligramu 1.5 kwa lita.

Ikionekana pana uchafu, si lazima njia ifutwe. Yaweza kuhamishwa. Yaweza kuinuliwa kwa kifusi safi juu ya udongo uliopo badala ya kuukata, kingo zikapandwa nyasi na maji ya mvua yakaelekezwa mbali na mifereji ya wakulima. Choo cha wapita njia kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto zinazoweza kuuharibu. Kwa hiyo njia ya kando ya Themi ina wa kuulizwa: Baraza la Mazingira, NEMC, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mkutano wa mtaa ukiitwa, nenda. Omba karatasi ya vipimo isomwe kwa Kiswahili, kishimo kwa kishimo. Kisha uliza udongo utakaochimbwa utapelekwa wapi, na jibu liandikwe kwenye muhtasari kabla trekta halijafika.