Sanduku la Chuoni na Yasiyouzwa Dukani

Kila mwaka, yatangazwapo majina ya vijana waliochaguliwa kuingia vyuo vya uuguzi, nyumba nyingi nchini mwetu hupata furaha na mashaka kwa siku moja. Furaha, kwa kuwa mtoto amepata nafasi. Mashaka, kwa kuwa barua ya chuo haikuja peke yake. Imefuatana na orodha ndefu: ada, sare, viatu vyeusi visivyopiga kelele, shuka, chandarua, ndoo, madaftari, saa yenye mshale wa sekunde, vyeti, picha ndogo, na fomu ya daktari ya kupimwa afya. Baba hulitazama zizi. Mama huhesabu zamu yake ya upatu. Wajomba na mashangazi huitwa kikaoni. Ng'ombe huuzwa, kitenge cha sikukuu huahirishwa, na hatimaye sanduku hujaa.

Jasho hilo twaliheshimu, wala hatuna neno la kulilaumu. Walakini tunalo swali, nasi twaliuliza kwa upole: sanduku limekwisha kuandaliwa; je, mwenye sanduku ameandaliwa?

Twauliza hivyo kwa sababu kazi hii ina tofauti na kazi nyingi. Mwanafunzi wa useremala akikosea, ubao huharibika, na mwalimu humpa ubao mwingine. Mwanafunzi wa uuguzi hupelekwa wodini kabla masomo yake hayajakwisha, akasimama kando ya kitanda chenye mtu ndani yake: mama ya watu, mtoto wa watu. Hapo hapana ubao wa akiba.

Kwa utaratibu wa Tanzania, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo yatakiwayo, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia, husoma miaka 3 hadi kuipata stashahada ya uuguzi na ukunga. Hata baada ya hapo haruhusiwi kuifanya kazi hiyo mpaka asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Miaka hiyo 3 ni ya walimu. Wiki chache zinazoitangulia siku ya kwanza ni za nyumbani, nazo ndizo tunazotaka kuzisemea leo.

Jambo la kwanza ni mikono. Katika hospitali kuu ya mji wa Vienna palikuwa na wodi 2 za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846, katika kila wazazi 100 wa wodi ya madaktari walikufa zaidi ya 11, hali katika wodi ya wakunga hawakufikia 3. Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, aliutafuta ufumbuzi mpaka akatambua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mwaka 1847 aliamuru kila mtu anawe kwa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini. Mwaka 1848 vifo katika wodi zote 2 vilikuwa chini ya 2 kwa kila 100. Wakubwa wengi wa siku zile walimcheka, kwa sababu hawakupenda kuambiwa kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiua.

Leo hakuna amchekaye, lakini mikono isiyonawa ingaliko. Shirika la Afya Duniani hushauri kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, vidole, kucha na vifundo vyote. Basi mtoto na aanze nyumbani: kucha fupi, pete na bangili zivuliwe, na kunawa kuwe desturi pasipo kusimamiwa na mtu. Desturi aliyokwenda nayo mtu chuoni hudumu kuliko amri aliyoikuta huko. Samaki mkunje angali mbichi.

Jambo la pili ni hesabu. Wako vijana wanaodhani kwamba wakiingia uuguzi wameagana na hesabu milele. Na wasikilize mfano huu. Daktari ameandika kwamba mgonjwa apewe lita 1 ya maji ya dripu, yaani mililita 1,000, kwa saa 8. Mrija uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Hayo ni matone 20,000, nayo yapite katika dakika 480. Gawanya, utapata matone kama 42 kwa dakika. Hiyo ndiyo kazi ya ile saa yenye mshale wa sekunde iliyomgharimu baba fedha. Matone yakipita mbio mno katika mwili wa mtoto mdogo au mzee mwenye moyo dhaifu, maji huweza kujaa mapafuni. Na katika dawa, nukta moja ya desimali ikihama mahali pake, dozi huwa mara 10.

Kwa hiyo, siku zilizobaki kabla ya safari zisipotee bure. Kijana na arudie kuzidisha, kugawanya na desimali. Na azoee kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono wa bibi yake, akijua kwamba mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, na pumzi 12 hadi 20. Watu humkumbuka Florence Nightingale kwa taa aliyotembea nayo usiku katika hospitali ya Scutari, wakati wa vita vya Crimea vilivyompeleka huko mwaka 1854. Sisi twapenda pia kulikumbuka daftari lake. Alihesabu waliokufa na sababu za vifo vyao, akawaonyesha wakuu wa Uingereza kwamba maradhi yaliwaua askari wengi kuliko risasi. Mwaka 1860 ilipofunguliwa shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, uuguzi ulianza kuhesabiwa kuwa elimu, si kazi ya yeyote aliyekosa kazi nyingine.

Jambo la tatu ni ulimi. Hapa twasema wazi, kwa kuwa malalamiko haya husikika sokoni, vijijini na misibani: wapo kina mama wanaoogopa kwenda kujifungulia hospitali, na wanachokiogopa si kisu wala sindano, bali maneno. Mzazi aliyetukanwa katika uchungu wake husimulia, na jirani aliyesikia hubaki nyumbani siku yake ifikapo. Akianza kutoka damu, hospitali i mbali. Hivyo neno moja baya huweza kumfikia mtu ambaye msemaji hakupata kumwona. Twajua kwamba wauguzi ni wachache na zamu ni ndefu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 27.9, na ilipungukiwa na wengine milioni 5.9. Uchovu wao twauelewa. Hata hivyo wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Ulimi huo huo ndio mlinzi wa siri. Muuguzi atajua ugonjwa wa jirani, mimba ya binti wa mwalimu wake, na jina la aliyepimwa jana. Mtoto aliyelelewa akibeba habari za nyumba hii kwenda nyumba ile atakuwa na kazi kubwa ya kujifunza upya. Mzazi mwenye busara na amwambie mapema: utakayoyaona kitandani yabaki kitandani, hata nikikuuliza mimi mama yako.

Liko pia jambo la nne, ambalo aghalabu husahauliwa katika pilikapilika za kununua: afya ya mwanafunzi mwenyewe. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa mtu mzima hutolewa mara 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Anayengoja mpaka wiki ya safari ataingia wodini kinga yake haijatimia, na kwa asiyechanjwa, mchomo wa sindano yenye damu huambukiza homa hiyo kwa urahisi mara nyingi kuliko virusi vya Ukimwi. Aulize katika kituo cha afya barua inapofika. Na ajue tangu leo kwamba sindano iliyotumika haifunikwi tena kwa kifuniko chake, na kwamba aliyechomwa hufanya wajibu wake kwa kutoa taarifa mara moja, kwani dawa ya kuzuia Ukimwi hufaa ikianzwa mapema, nayo sharti ianzwe kabla ya saa 72.

Wazazi wenzetu, limebaki moja la kuwaambia ninyi. Msimpeleke mtoto katika uuguzi kwa sababu tu mmesikia kwamba ajira yake hupatikana. Mwulizeni, kisha nyamazeni mumsikilize. Akisema anaogopa damu, msimcheke. Wengi waliogopa wakazoea. Akisema hapendi kumgusa mtu mgonjwa, lipimeni neno hilo kabla hamjauza ng'ombe. Na kama aliyechaguliwa ni mvulana, asisikie nyumbani mwake kwamba hiyo ni kazi ya kike. Kumgeuza mgonjwa mzito kitandani, kumsafisha, kumlisha na kukesha naye hakuna jinsia. Kuna moyo na mikono.

Mwambieni pia ukweli kuhusu kifo. Iko siku atamhudumia mtu kwa bidii yake yote, na mtu huyo atakufa. Usiku ule atataka kufunga sanduku arudi nyumbani. Ajue mapema kwamba siku hiyo huja kwa kila muuguzi, na kwamba simu yake itapokelewa hata saa nane za usiku.

Nanyi vijana mnaofunga masanduku, siku ya kwanza mtaulizwa risiti ya ada, vyeti na sare, na ni haki mviwe navyo vyote. Lakini mgonjwa wa kwanza hatauliza risiti. Ataitazama mikono yenu kama ni safi, atasikiliza mnavyomwita, naye ataujua moyo wenu kabla hamjalijua jina la ugonjwa wake. Nendeni mkiwa tayari kwa mtu huyo.