Mafua ya Nyanda za Juu: Mzio au Maambukizi?

Wananchi wanaosafiri kwenda Mbeya na Iringa wanakumbushwa kuwa Juni hadi Agosti huko ni miezi ya baridi, ukavu na vumbi.

Pua na macho yakiwasha, chafya zikifuatana na kamasi likawa jepesi kama maji, bila ya homa, aghalabu huo ni mzio. Mtu ajiepushe na vumbi.

Uso ukiuma, kamasi likawa zito na homa ikapanda, huenda matundu ya hewa yaliyomo katika mifupa ya uso yameambukizwa. Hata hivyo, rangi ya kamasi pekee si sababu ya kununua antibiotiki, kwani maambukizi mengi ni ya virusi.

Zikipita siku 10 bila ya nafuu, au nafuu ikija kisha maradhi yakazidi, mgonjwa aende kituo cha afya. Jicho likivimba, asingoje hata siku moja.